Kupima kazi ya wadudu wa udongo kwenye majani ya msitu wa mlima: mwongozo kwa wanafunzi wa Bukavu na Kabare

Jani likianguka katika msitu wa mlimani, juu ya eneo la Miti au kwenye vilima vya Kahuzi, haliozi peke yake. Kuvu na bakteria ndio wanaovunja sehemu ngumu za jani hadi zirudi kuwa hewa, maji na chumvi za udongo. Lakini mbele yao wanatangulia watafunaji: majongoo, minyoo ya udongo, konokono, mabuu ya nzi na mbawakawa, utitiri, na vile vidudu vidogo vinavyoruka ukigeuza majani, kolembola. Wanakata jani, wanalipitisha tumboni, wanalishusha ndani ya udongo, na wanabeba mbegu za kuvu kutoka jani moja hadi jingine.

Swali la mwongozo huu ni la vipimo: pale ulipo, kwa jani lile ulilochagua, kazi yao ni kiasi gani? Njia inayotumika dunia nzima ni mifuko ya neti, ambayo watafiti Bocock na Gilbert waliielezea huko Uingereza mwaka 1957. Unapima majani makavu, unayafunga kwenye mifuko yenye matundu madogo na mifuko yenye matundu makubwa, unailaza chini ya miti, kisha unaichukua kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mfuko wa matundu madogo unawafungia mlango wanyama wakubwa. Wa matundu makubwa unawaachia wazi. Tofauti ya uzito uliopotea ndiyo alama ya kazi yao.

Njia ni rahisi, na ndiyo maana wengi wanaiharibu. Mfuko unaweza kudanganya: unashika maji kuliko majani ya nje, unamwaga vipande ambavyo hakuna aliyekula, na unajaza udongo unaoonekana kama uzito wa jani. Sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa chini ni kuzuia udanganyifu huo mapema.

Wafahamu kwanza unaowafungia mlango

Wataalamu wa udongo wanagawa wanyama hawa kwa upana wa mwili. Walio chini ya milimita 0.1 (nematodi, yaani minyoo midogo mno, na viumbe vya seli moja) wanapita popote. Wa milimita 0.1 hadi 2 ni utitiri, kolembola na ile minyoo midogo myeupe inayofanana na vipande vya uzi. Walio zaidi ya milimita 2 ni majongoo, minyoo ya udongo, konokono, mende wa msituni, mchwa.

Mchwa ndio mabingwa wa kazi hii chini, kwenye joto. Ukipanda mlima wanapungua, na katika misitu ya juu kazi kubwa inabaki kwa majongoo, minyoo na mabuu. Kwa hiyo usinakili hesabu za tambarare ya Ruzizi ukadhani zitakuwa hivyo hivyo huku juu. Hewa inapoa kwa karibu nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Bukavu kando ya ziwa ni kama mita 1,460. Ukifika mita 2,400, ambako tayari kuna mianzi, baridi imezidi kwa nyuzi tano au sita, na kila kiumbe kinachoozesha kinafanya kazi polepole zaidi.

Tandu, buibui na siafu utawakuta pia ndani ya mifuko. Hao hawali majani, wanawala wanaokula majani. Waandike kando, usiwachanganye na watafunaji.

Hatua ya 1: Mahali, ruhusa na msimu

Ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega huweki hata kijiti bila kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira, na huendi bila walinzi wa mbuga. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, kwa hiyo mifuko 60 ya plastiki iliyotawanywa chini ya miti haitafurahisha mtu kama haijaandikwa popote. Kwa kazi ya mwanafunzi, mara nyingi kipande cha msitu kilichobaki nje ya mbuga, au shamba la mikaratusi la jirani, kinatosha. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa chifu wa eneo, uwaonyeshe mfuko mmoja kabla ya kuuweka. Mfuko wa neti uliofungwa kwa waya chini ya mti, kwa asiyejua, unafanana sana na uchawi au mtego. Na kabla ya kila safari uliza hali ya usalama ya njia siku ileile, si wiki iliyopita.

Chagua vituo vitano, vyenye umbali wa angalau mita 10 kati yao, chini ya miti ya aina moja au mchanganyiko unaofanana. Epuka mkondo wa maji ya mvua, njia ya mbuzi, na mahali ambapo watu wanaokota kuni.

Anza katikati ya Septemba, mvua zikirudi. Ukianza Juni, miezi mitatu ya kwanza itapita karibu bila kitu, na utaandika kwamba wadudu hawafanyi kazi kumbe wamekosa maji. Msitu wa juu wenye ukungu unahifadhi unyevu hata Julai. Kipande cha mikaratusi kilicho wazi hakihifadhi.

Hatua ya 2: Neti

Hapa ndipo makosa makubwa yanapotokea. Unahitaji vitambaa vitatu.

Kitambaa cha matundu madogo ni kile wanachotumia wachapaji wa fulana kupitishia rangi. Omba cha nyuzi 43 kwa sentimita: tundu lake ni karibu milimita 0.15. Kinazuia karibu wote isipokuwa nematodi na vitoto vya utitiri.

Neti ya kati, yenye tundu la milimita 1.5 hadi 2, inafanana na chandarua. Ila usitumie chandarua cha kugawiwa hospitalini. Vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya kuua wadudu ndani ya nyuzi zenyewe au juu yake, na vimetengenezwa vibaki na nguvu hata baada ya kufuliwa mara 20. Ukivifua kwa sabuni mara mbili tatu bado unawawekea utitiri sumu mlangoni, kisha unaandika kwamba hawapo. Tena chandarua kina kazi yake kitandani. Tafuta neti isiyo na dawa: ya pazia, ya kufunikia chakula, au ya dirisha, mradi si ya chuma. Kama muuzaji hajui kama ina dawa, iache.

Neti ya matundu makubwa, milimita 8 hadi 10, ni ile ya plastiki ya kuzungushia vifaranga. Mifuko ya neti ya vitunguu inafaa pia, lakini plastiki yake ni dhaifu na inachanika kwenye miiba.

Ungeweza kushona mfuko mzima kwa kila neti, na wengi wanafanya hivyo. Ubaya wake ni kwamba mfuko wa matundu madogo unabaki na unyevu zaidi kuliko wa matundu makubwa, na mwishoni hujui kama tofauti imeletwa na wadudu au na maji. Njia bora ni kushona mifuko yote kwa kitambaa kilekile cha matundu madogo, kisha kukata madirisha:

Aina A: haina dirisha.
Aina B: madirisha manne ya sentimita 5 kwa 5, yaliyozibwa kwa neti ya kati.
Aina C: madirisha manne ya ukubwa uleule, yaliyozibwa kwa neti ya matundu makubwa.

Weka madirisha mawili upande wa juu, na mawili kwenye kingo za kulia na kushoto, yakikunjika nusu kwa chini. Usikate dirisha katikati ya chini: vipande vya jani vitadondoka na utavihesabu kama vimeliwa.

Mfuko ukikamilika uwe sentimita 20 kwa 20. Kwa kila mmoja kata kitambaa cha 22 kwa 44, ukikunje, ushone pande mbili, wa tatu uache wazi. Kwa mifuko 66 unahitaji mita za mraba 6.4 za kitambaa, nunua 7. Fundi wa cherehani wa sokoni Kadutu ataimaliza haraka, lakini mpe wewe uzi wa nailoni. Uzi wa pamba unaoza kabla ya jani, na mfuko unafunguka wenyewe mwezi wa tano. Pini za stepla nazo zinashika kutu.

Kwa nini 66? Aina tatu, mara nne za kuchukua, vituo vitano: hiyo ni 60. Sita zilizobaki ni mifuko ya safari, kazi yake inakuja.

Hatua ya 3: Majani

Chukua jani lililoanguka lenyewe, au linaloachia ukiligusa tu. Jani bichi lililokatwa bado limejaa naitrojeni ambayo mti huirudisha shinani kabla ya kuliachia, hivyo litaoza haraka kuliko hali halisi. Tandika turubai safi chini ya mti na ukusanye kila siku mbili kwa wiki mbili. Jani lililolala chini wiki nzima tayari limeshaanza kuliwa.

Tumia mti mmoja tu kwa jaribio la kwanza. Jani liwe na urefu wa sentimita 5 hadi 15 ili liingie bila kukunjwa. Syzygium guineense inafaa, na Prunus africana pia, ingawa kwa Prunus waeleze wenyeji kwamba unaokota majani tu: maganda ya mti huo yanauzwa kwa dawa, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na mtu anayezunguka shina lake na mifuko anatiliwa shaka. Majani makubwa ya Neoboutonia yatakulazimisha kuyakata, na kila ukingo uliokatwa ni mlango mpya kwa kuvu. Majani ya mianzi ni membamba, yanateleza nje ya matundu ya milimita 10. Ukitaka mianzi, neti ya aina C iwe ya milimita 5.

Yaanike kivulini, penye upepo, siku 7 hadi 10, hadi yavunjike yakikunjwa. Usiyaoke. Joto la tanuri linabadilisha kemia ya jani, na wadudu hawali jani la kuchemka kama wanavyokula la kuanguka. Utahitaji kama kilo 1.2 za majani yaliyokauka hewani: gramu 660 za mifuko, gramu 60 za kupima unyevu, nyingine ni vipande vilivyovunjika ambavyo utavitupa.

Hatua ya 4: Kupima na kuandika

Mizani iwe ya kusoma gramu 0.01. Zile ndogo wanazotumia wanunuzi wa dhahabu zinatosha kabisa, na Bukavu hazikosekani. Iweke mezani pasipo upepo, ijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana kila baada ya mifuko 10.

Weka gramu 10 katika kila mfuko. Isiwe lazima 10.00 kamili: 9.87 au 10.21 ni sawa, mradi umeandika ile ile uliyoisoma. Kulazimisha 10.00 kwa kukwanyua vipande vya jani kunaharibu jani bila faida.

Wakati huohuo pima mafungu sita ya gramu 10, uyakaushe kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 65 kwa saa 48, uyapime tena. Hapo unajua jani lako lililokauka hewani bado lina maji asilimia ngapi. Huku kwetu msimu wa mvua si ajabu kukuta 10 hadi 13.

Lebo ndiyo maisha ya jaribio. Kalamu ya wino mzito inafutika, karatasi inaliwa, mkanda wa gundi unaachia. Kata vipande vya kopo la soda, sentimita 1 kwa 5, uandike kwa kalamu ya kawaida ukikandamiza hadi herufi zichimbike kwenye bati: «C-3-2», yaani aina C, mwezi wa 3, kituo cha 2. Weka kimoja ndani, kingine kifunge nje. Kisha shona mdomo wa mfuko kwa mkono.

Hatua ya 5: Kuilaza msituni

Safirisha mifuko ikiwa imelala bapa ndani ya karatoni, si imesukumizwa kwenye gunia. Pikipiki kwenye barabara ya mawe inasaga majani makavu kuwa unga, na unga unatoka kupitia madirisha. Ndiyo sababu ya mifuko ile sita ya safari (miwili ya kila aina): inakwenda hadi msituni, inawekwa chini, inaokotwa papo hapo, inarudi nyumbani na kupimwa. Uzito iliopoteza ni hasara ya njiani, na utauondoa kwenye hesabu ya mifuko yote ya aina yake.

Katika kila kituo sogeza majani mapya ya juu kwa mkono hadi ufike kwenye tabaka jeusi lenye unyevu. Laza mfuko hapo, ukandamize kidogo ugusane na udongo, kisha urudishe majani juu yake. Mfuko unaoning'inia juu ya mizizi au matawi unakauka, na majongoo hawaufikii. Kwenye mteremko ulaze ukikingama, si kuelekea bonde. Shikiza pembe mbili kwa vipande vya waya vya sentimita 20 vilivyokunjwa kama pini ya nywele. Vigingi vya mwanzi mbichi vinaoza, na vingine vinachipua.

Acha sentimita 30 kati ya mfuko na mfuko. Funga uzi wa nailoni wenye rangi isiyong'aa kutoka mfuko hadi mfuko, mwisho wake kwenye shina. Kitambaa chekundu juu ya mti kinavutia nyani na watoto vilevile. Chora ramani: umbali kwa hatua na mwelekeo kutoka mti wa alama. GPS ya simu chini ya miti mikubwa inakosea mita 10 au zaidi, na mita 10 kwenye majani ni kama kilomita.

Hatua ya 6: Kuichukua

Mwezi 1, 3, 6 na 12. Kila mara unachukua mifuko 15: mmoja wa kila aina katika kila kituo.

Ondoa majani ya juu, ng'oa waya, ingiza mkono wazi chini ya mfuko, uunyanyue bapa kama sahani na kuuingiza papo hapo kwenye mfuko wa plastiki. Usiukung'ute. Ukiukung'uta umetupa wanyama na vipande kwa pamoja. Mizizi midogo iliyopenya ikate kwa wembe nje ya neti, usiivute.

Pima kila mfuko siku hiyohiyo kabla haujakauka. Uzito huo mbichi hauonekani kuwa na maana sasa, lakini baadaye ukitoa uzito mkavu, kisha ukagawa kilichobaki kwa uzito mkavu, unapata unyevu wa A, B na C. Kama A ina maji mengi kupita C kwa tofauti kubwa, sema hivyo kwenye ripoti kabla msomaji hajakuuliza.

Angalia jani lenyewe kwa lenzi ya mkono kabla ya kufanya lolote. Mwezi wa tatu, ndani ya mfuko C, mara nyingi utakuta jani limebaki mishipa tu, mfano wa neti, nyama yote imekwanguliwa: hiyo ni kazi ya majongoo na mabuu. Chini yake kuna vidonge vyeusi vilivyokazana, sawa kwa ukubwa, ambavyo ni kinyesi chao. Vunja kikonyo cha jani: kikiwa na mfereji ndani uliojaa unga wa kahawia, utitiri ulikaa humo. Kwenye mfuko A jani linabaki na umbo lake zima, limebadilika rangi, limelainika, na nyuzi nyeupe za kuvu zimeunganisha jani na jani. Piga picha zote kwenye karatasi nyeupe yenye rula. Picha hizo zitakueleza mambo ambayo uzito hauyasemi.

Hatua ya 7: Kuwatoa wanyama

Kifaa cha kawaida ni faneli ya Berlese. Kata chupa ya plastiki ya lita 5, geuza sehemu ya juu iwe faneli, weka juu yake kipande cha neti ya matundu ya milimita 2, laza yaliyomo kwenye mfuko, na chini weka kichupa chenye alkoholi ya asilimia 70. Balbu ya wati 25 hadi 40 inaning'inia sentimita 15 juu. Joto linashuka polepole, wanyama wanalikimbia kwenda chini, wanadondoka kwenye kichupa. Siku ya kwanza balbu iwe mbali, usogeze kidogo kila siku, siku tano hadi saba. Ukiwasha karibu tangu mwanzo, minyoo midogo na mabuu yanakauka yakiwa bado kwenye jani. Balbu ya LED haifai, haina joto la kutosha.

Lakini umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hauna ratiba, na faneli inayozimika usiku inakupa hesabu tofauti kwa kila mfuko. Kama huna umeme wa uhakika, tumia mfuko wa Winkler: majani ndani ya neti ya matundu makubwa, neti inaning'inizwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa juu, chini kuna kikombe cha alkoholi. Wanyama wanatembea wakitafuta njia ya kutoka, wanaanguka. Siku tatu, ndani ya chumba kikavu, bila balbu. Unapata utitiri wachache kuliko kwa Berlese, ila mifuko yote inatendewa sawa.

Alkoholi ya 70 unaitengeneza kwa mililita 74 za alkoholi ya asilimia 95 ya duka la dawa, na maji safi hadi ifike 100. Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, haifai. Nguvu yake inabadilika kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine, na wanyama wanaoza ndani yake.

Minyoo ya udongo haitoki vizuri kwa njia hizi mbili, na minyoo mikubwa haikai ndani ya mfuko. Chimba karibu na kila kituo shimo la sentimita 25 kwa 25, kina cha 30, mwaga udongo kwenye turubai nyeupe, tafuta kwa mkono. Idadi mara 16 inakupa minyoo kwa mita ya mraba. Chimba mvua ikiwa imenyesha. Wakati wa kiangazi minyoo inashuka chini ya sentimita 30 na utaandika sifuri.

Hatua ya 8: Kukausha na kuchoma

Baada ya kuwatoa wanyama, toa kwa kibano mizizi na mawe, piga brashi laini, usioshe. Maji yanatoa chumvi na sukari za jani, na mfuko uliooshwa unaonekana umeliwa zaidi. Kausha nyuzi 65, saa 48, upime; rudisha saa 12, upime tena. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 1, umemaliza. Tanuri la mkate ni kali mno kwa kazi hii, na juu ya mbabula huwezi kushika nyuzi 65 hata kwa saa moja.

Sasa kazi ambayo wengi wanairuka. Udongo umeingia mfukoni, hasa C, kwa sababu minyoo inautapika humo na mvua inaurusha. Udongo ni mzito. Saga kila sampuli, chukua gramu 1, uichome kwenye tanuri la majivu kwa nyuzi 550 kwa saa 4. Kinachobaki ni madini: ya jani kidogo, ya udongo zaidi. Fanya hivyo pia kwa jani la mwanzo. Vyuo vikuu vya Bukavu na kituo cha utafiti cha Lwiro ndiyo milango ya kubisha kuomba tanuri hilo. Ulizia kabla ya kuweka mifuko msituni, si mwaka mmoja baadaye ukiwa na sampuli mkononi.

Hatua ya 9: Hesabu

Tuchukue namba za mfano, za kujifunzia tu. Uliweka gramu 10.00. Maji yalikuwa asilimia 11, kwa hiyo jani kavu ni 8.90. Hasara ya safari asilimia 2, inabaki 8.72. Majivu ya jani la mwanzo asilimia 8, basi sehemu inayoweza kuoza ni gramu 8.02.

Miezi sita baadaye, mfuko C una gramu 4.30 kavu, majivu asilimia 25: sehemu ya jani ni 3.23, yaani asilimia 40 ya mwanzo. Mfuko A una 5.60, majivu asilimia 14: inabaki 4.82, asilimia 60. Wanyama wamechangia tofauti ya 20. Ungeruka majivu, ungegawa 4.30 na 5.60 kwa 8.72, ukapata 49 na 64, tofauti 15: robo ya kazi yao ingepotea kwenye daftari lako.

Kwa kulinganisha na misitu mingine tumia kasi ya kuoza, k, kwa fomula ya Olson ya mwaka 1963: k = –ln(kilichobaki ÷ cha mwanzo) ÷ muda kwa miaka, ambapo ln ni logariti asilia. Kwa C: –ln(0.40) ÷ 0.5, karibu 1.8 kwa mwaka. Kwa A: karibu 1.0. Ukigawa 0.693 kwa k unapata muda wa nusu ya jani kuisha: miezi minne na nusu kwa C, na kama miezi minane kwa A. Ukiwa na tarehe zote nne, chora ln ya kilichobaki dhidi ya muda, k ni mteremko wa mstari, alama ya kutoa ikiondolewa. Mstari ukipinda sana mwishoni usiulazimishe: sukari na vitu laini vimeisha, imebaki lignini, ile sehemu ngumu ya jani, na kasi imepungua kweli.

Kabla ya kuandika «wadudu wanafanya kazi»

Tazama mwezi wa kwanza. Hapo A, B na C huwa zinakaribiana, kwa kuwa uzito wa kwanza unaotoka ni wa vitu vinavyoyeyuka na mvua. Kama C imeshaachana mbali na A mwezi wa kwanza, shuku kumwagika kuliko kuliwa: hesabu vipande vidogo vilivyo chini ya madirisha, na uangalie kama jani lililobaki lina alama za meno au limevunjika tu.

B ikiwa sawa na A huku C ikiwa mbali, kazi iko kwa wakubwa: majongoo, minyoo. B ikikaribia C, kazi iko kwa utitiri, kolembola na minyoo midogo. Kituo kimoja kikipishana na vingine vinne, rudi kwenye daftari la wanyama. Pengine siafu walipita, na walipopita hakuna mtafunaji aliyebaki.

Chini ya mikaratusi tarajia tofauti ndogo kati ya A na C. Jani lenyewe ni gumu na lina mafuta na tanini, na wengi hawaligusi hadi mvua ilioshe kwa miezi. Usiseme kwamba udongo wa hapo hauna wadudu kabla hujaweka jani lilelile la Syzygium mahali pote pawili. Jani moja mahali pawili linakueleza udongo. Majani mawili mahali pamoja yanakueleza jani. Ukibadilisha vyote viwili kwa mara moja hujui umepima nini.

Safari ya mwisho, mwezi wa 12, beba orodha ya lebo zote. Mifuko 15 ya mwisho, waya wote, uzi wote wa nailoni vitoke msituni. Mfuko usioonekana tafuta mita tatu upande wa bonde, ukifukua hadi sentimita 5: mara nyingi haukuibiwa, ulifunikwa na udongo wa mvua. Usipoonekana, uandike «haukupatikana» na uache nafasi yake wazi kwenye jedwali. Usiweke sifuri, kwa sababu sifuri inamaanisha jani lililoisha lote.